Uso Aliouacha Dar es Salaam

Filamu zake zilikuwa bado zinagombaniwa Kariakoo siku Evalina alipowaambia watayarishaji kwamba basi. Hakuwa amefika hata miaka thelathini, na tumboni alikuwa na mapacha.

"Nimechoka kuwatisha watoto wa wenzangu," alimwambia mumewe, Salvatory, fundi wa mitambo ya pamba. "Wangu nataka niwalee. Twende kwenu."

Wakaja Bariadi, wakajenga jirani na mama yake Salvatory, bibi Milembe. Evalina akawa mama Kulwa, mfuga kuku. Wageni walipomwomba picha aliwakubalia huku akicheka. Kila mtu aliikumbuka ile filamu iliyompa jina, alipokuwa mchawi: akimtazama mtoto mara moja tu, mtoto anaanza kunyauka.

Masika hii mtoto wa Shida, jirani wa ng'ambo ya njia, alishikwa na homa. Evalina alipeleka uji, akampakata, akambembeleza. Mtoto hakuimaliza wiki.

Msibani aliketi mkekani na wanawake wenzake. Mmoja akasogea kando, kisha mwingine, mpaka mkeka ukabaki wake peke yake. Dukani Maua alimwambia sukari imekwisha, na gunia lilikuwa wazi nyuma yake.

"Ng'wanone, mwanangu," bibi Milembe alimwambia, "mimi nimezaliwa huku. Watu wakipiga kelele si kitu. Wakinyamaza, ogopa."

Wakanyamaza. Kisha sungusungu, wale walinzi wa jadi, wakaitisha mkutano, na familia nzima ikatakiwa kufika. Kamanda wao, mzee Constantine, aliuliza kwa upole.

"Mama, ule uso wa kwenye filamu uliutoa wapi?"

"Ni kazi, baba. Mtu anajifunza."

"Basi tuonyeshe."

Salvatory alitikisa kichwa. Lakini Evalina aliwaza kwamba wakiona uso ule unavaliwa na kuvuliwa kama kanga, wataelewa, na mambo yataishia pale. Akasimama. Akashusha kidevu, akayaacha macho yatulie, yasipepese, na midomo ikajivuta taratibu. Waliokaa mbele wakarudi nyuma kwa makalio.

Akaurudisha uso wake, akatabasamu. "Mmeona? Ni mimi tu, mama Kulwa."

Hakuna aliyetabasamu. Doto, pacha wa Kulwa, mwanawe mwenyewe, alikuwa amejificha kwenye kanga ya bibi yake, na mama yake aliponyoosha mikono hakwenda.

Shida ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini. "Ndivyo alivyomtazama mwanangu."

Kesho yake, jua likiwa juu, walipakia magodoro wakahamia Binza, Maswa. Bibi Milembe alikataa kupanda gari. Ng'ombe wake angemwachia nani, na yeye ni wa pale pale, nani wa kumgusa?

Binza palikuwa patulivu. Salvatory alipata kazi kwenye mashine ya kukoboa, na Doto alianza tena kulala mapajani kwa mama yake. Evalina alikuwa akianika nguo bibi Milembe alipopiga simu.

"Mko wazima?"

"Wazima, mama. Na wewe?"

"Mimi sina neno. Ila siku hizi hawaniamkii." Akakohoa kidogo. "Jana Constantine alipita. Aliniuliza mkwe wangu alifundishwa na nani."

Evalina hakungoja mumewe arudi. Aliwaacha watoto kwa mwenye nyumba, akapanda gari la kwanza la Bariadi. Alimkuta bibi Milembe ameketi mlangoni, na majirani wamejipanga kwenye ua wa minyaa, mikono wameifumbata, hawasemi. Zizi lilikuwa tupu.

"Ng'ombe wako wapi, mama?"

"Sijui. Nimeamka hawapo."

Evalina alifunga mlango, akamshika mkono mkwewe, wakaanza kuelekea stendi. Hatua zote zile aliyainamisha macho chini, asimtazame mtu, maana kandokando ya njia walisimama watoto.