Mwavuli Ndani ya Kanisa

Nitawasimulia, ila mkicheka, chekeni polepole, maana hapa Giheke bado sijapita mbele ya kanisa bila mtu kunyoosha kiganja angani kuangalia kama mvua inanyesha.

Misimu miwili nyanya zangu zilikuwa zinanyauka zikiwa na matunda, basi agronomu wa ushirika wetu, yaani bwana shamba, akatufundisha kuotesha kuvu ya kijani juu ya wali (ndiyo, wali wa kula, hata mimi iliniuma), kuvu ambayo ukiizika pamoja na mche inaula ugonjwa uliomo udongoni. Mbegu ya kuvu ya ushirika mzima ikawekwa kwangu, na masharti yake: isipate jua, isipate maji, na hasa isipate chumvi, kwa sababu ni kitu hai.

Ikafika Jumapili ya kubariki mbegu. Mama mkwe akasema shambani kwake hakiingii kitu bila baraka. Ningebeba maharagwe tu nikanyamaza, lakini mimi na kiherehere changu nikatia kikapuni na ule wali, nikakaa benchi la mbele nionekane.

Padri alipoanza kunyunyiza ndipo nikakumbuka kwamba maji yake ya baraka hutiwa chumvi (na chumvi yenyewe huwa naipeleka mimi). Nikawaza wenzangu wa ushirika watapanda nini, na kabla akili haijajibu, mkono ulikuwa umeshafungua mwavuli juu ya kikapu, ndani ya kanisa. Maji yakaruka, yakampata usoni mama mkwe aliyekaa kando yangu. Nikainama kumwomba radhi, kitambaa nilichofunikia kikapu kikaanguka, wali ukaonekana kijani tupu, na jirani yangu Maman Solange, ambaye hajui kunong'ona, akanong'ona nyuma yangu:

"Bantu ba Mungu, ile ni sumu. Ndiyo maana inakimbia baraka."

Benchi zima likahama. Nikabaki peke yangu na mwavuli wangu. Padri akasogea, akauliza ninaficha nini.

"Padri, ni dawa ya nyanya. Iko muzima. Chumvi yenu itaiua."

Akaangalia kikapu, akaangalia ndoo yake, akaiweka chini, akabariki kwa mkono mkavu. Kisha akaniinamia sikioni, akasahau kipaza sauti kilichokuwa shingoni mwake:

"Na zangu pale parokia zinanyauka. Utaniachia kidogo?"

Kanisa zima likasikia, na wa kwanza kucheka alikuwa Maman Solange.

Nyanya zilisimama msimu ule. Mama mkwe alizila bila kunishukuru, na siku ya kubariki mbegu hukaa mabenchi matatu mbali nami. Mimi nimeapa: nikienda misa, mwavuli unabaki nyumbani, hata kama mvua ya huku kwetu Rusizi imeamua kuniua.