Umande wa Fundi wa Friji

Asubuhi ya mwisho kabla mkewe hajaugua asiinuke tena, mzee alimkuta ameinamia kompyuta ya jirani iliyoletwa kwa kupata joto mno. Kipande cha shaba cha kuipozea kwa maji, mkewe, fundi wa friji, alikuwa amekichomelea mabomba ya gesi ya friji badala ya maji. Alilowesha kidole kwa mate kama kawaida yake, akagusa bomba, akaguna. “Mpishi wa barafu,” mzee akamtania. Baridi ilikuja kweli. Kisha umande uliotanda kwenye mabomba ukadondoka ndani, kompyuta ikafa. Jirani alipobisha hodi, mzee alimnong'oneza mkewe, “Singizia umeme.” Mke alijifuta mikono polepole, kidole kwa kidole. Hadi leo uso humchoma mzee akikumbuka jibu lile: “Jirani, umeme hauna kosa. Baridi niliipata, umande nikausahau.”