Reli ya Verandani

Juzi fundi simu aliyeyusha risasi ya kulehemu mbele yangu, na moshi wake ukanirudisha kwenye veranda yetu ya nyuma.

Dada yangu mkubwa alijenga reli pale likizo nzima. Waya aliuomba kwenye shamba la zabibu, mataruma ya kulazia reli akayakata kutoka kwenye mabua ya uwele, na treni akaiunda kwa kopo la samaki na mota ya redio kaseti mbovu. Nyaya aliziunga kwa risasi na msumari uliochomwa jikoni. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji ya kukandia udongo wa vilima vya kuzungukwa na reli.

Siku ya majaribio, baba alirudi na wageni wawili wa ofisini kwake. Dada akaunganisha betri. Treni ikatetemeka, kisha ikazunguka vilima vyote bila kuanguka. Wageni wakapiga makofi.

“Huyu kijana wangu atakuwa injinia!” baba alisema, akiniwekea mkono kichwani.

Dada alinitazama, akisubiri niseme. Mkono wa baba ulikuwa mzito na wenye joto.

“Asante, baba,” nikasema.

“Na wewe, waletee wageni chai,” baba akamwambia dada.

Kesho yake treni iligoma. Nikamkuta dada jikoni akichambua mlenda. “Dada, njoo uitazame.”

Hakuinua kichwa. “Muulize injinia.”

Niliichokonoa peke yangu mpaka nyaya zikakatika. Baba alipouliza treni iko wapi, nilimwambia nimeichoka. Dada alikuwa akifagia veranda, akasikia, akaendelea kufagia.