Kukimbia Tunajua, Mwalimu

Wiki iliyopita, hapa kwetu kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole, nilikuwa benchi la nyuma katika mafunzo ya wasanii chipukizi wa maigizo. Mkufunzi kutoka mjini akapiga makofi mawili.

"Leo tunaigiza kukimbia vita. Kila mtu abebe mzigo kichwani!"

Wote walisimama isipokuwa mama mmoja Mrundi, mchekeshaji hodari kuliko mimi, na maneno hayo huwa siyatoi bure.

"Mwalimu, hilo tulishalifanyia mazoezi, kwa miguu mpaka hapa. Mimi nataka kujua namna ya kumchekesha mtu aliyekaa nyuma kabisa."

"Asiyeigiza hapati cheti, mama."

Bila cheti hakuna ruhusa ya kutoka kambini kwenda kuigiza Biharamulo mjini. Mama alilijua hilo. Akainuka, akachukua furushi, akamtwika mkufunzi.

"Basi anza wewe. Sisi tutakusahihisha."

Mkufunzi akatimka akipiga mayowe. Darasa zima hoi kwa kicheko.

"Usipige kelele, watakusikia!" mama akamwelekeza. "Inama! Na mtoto umemwacha wapi?"

Kicheko kikakatika. Mkufunzi akalitua furushi polepole, asijue aweke wapi mikono.

"Haya," mama akasema, "sasa nifundishe kuchekesha."

Cheti hakupewa. Kesho yake nilimkuta kwenye foleni ya maji, ndoo kichwani, akimwigiza mkufunzi anavyokimbia, na mtu wa mwisho kabisa kwenye foleni alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka.

Nyie wakufunzi wa mjini, mkija kwetu leteni ufundi. Vilio tunavyo, na watazamaji tumeshawapata bila cheti chenu.