Pini Mpya Juu ya Kitambaa

Kwetu Kenya, fundi aliyefunga breki ndiye huipanda pikipiki kwanza. Ukikataa kuijaribu kazi yako, wateja wanahamia kwa jirani. Dubai sina leseni, kwa hiyo pale karakana ya Ras Al Khor kazi yangu ilijaribiwa na mwenye mali mwenyewe, mzee wa miaka sabini na kitu, Mwarabu aliyelelewa na wazazi waliotoka Unguja. Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba yake. Asubuhi nilimsimulia desturi yetu, akacheka.

Nilikuwa nimefungua gurudumu la nyuma, nikabadilisha viatu vya breki, nikaisugua ngoma, bakuli la chuma linalobanwa na viatu hivyo, hadi ikang'aa. Mzee akavaa helmeti, akasema inshallah, akatoka.

Nilipoinama kukusanya spana, nikaiona pini mpya juu ya kitambaa.

Ni kipande cha waya chenye miguu miwili, kazi yake kuzuia nati inayoshikilia breki isifunguke. Nati hiyo ikidondoka, breki huzunguka pamoja na gurudumu, na gurudumu hukwama ghafla. Mazoea yana taabu. Nilikuwa nimeinyoosha pini kuukuu na kuirudisha, kama tunavyofanya kwenye bodaboda. Lakini ya mzee ilikuwa imeliwa na kutu miaka mingi.

Nikataka kumpigia arudi. Simu yake alikuwa ameiacha mezani. Nikasimama langoni juani, nikisikiliza kila pikipiki ya kupeleka chakula iliyopita. Nilimhofia yeye, kisha, nasema kweli, nikajihofia mimi: viza, kesi, mama yangu kupigiwa simu na mtu asiyemjua.

Alirudi akitabasamu. "Zashika vyema, fundi."

Nikapiga magoti, nikaigusa pini. Mguu mmoja ukakatikia vidoleni mwangu. Ningeweza kunyamaza, naye angekwenda zake.

"Sir, nilikurudishia pini ya zamani," nikasema. "Mpya ndiyo hii. Ungeanguka."

Aliitazama ile iliyokatika, kisha akaninyooshea koleo. Nikaifunga mpya, nikaikunja miguu yote miwili. Nilipomaliza, aliniletea helmeti ya pili.

"Si wasema kwenu fundi hupanda kwanza? Basi panda nyuma yangu."

Nikapanda. Pini niliifunga mwenyewe na bado sikuiamini. Mguu wake uliposhuka kwenye breki kabla ya mzunguko wa kwanza wa barabarani, nilimkumbatia kwa nguvu, nikafumba macho. Kumbe naye mgongo wake ulikuwa unatetemeka.