Majina Niliyoyasahihisha

Nimechoka na majina. Ita mahudhurio miaka thelathini na minne, kila asubuhi, wavulana kwanza kisha wasichana, nawe utachoka. Nimestaafu, lakini bado nikiamka mdomo unataka kuanza kuita. Majina ya watu humu sitayataja, hata langu. Nimeshayachezea ya kutosha.

Nilianzia kazi shule moja ya kijijini huku Kigoma, mbele ya Simbo, mihogo pande zote. Wakati ule kuita mahudhurio, kwa mtu anayejua Kiha, ilikuwa sawa na kusikiliza taarifa ya habari. Mtoto mmoja jina lake lilimwambia jirani kwamba anawachukia bure. Mwingine lake lilieleza kuwa mama yake alirudishwa kwao mara mbili. Wa tatu alizaliwa mwaka wa njaa. Watu hawakugombana hadharani. Walizaa, wakampa mtoto ujumbe, kisha wakamwita kwa sauti kubwa jirani anapopita. Halafu walikuwapo wenye majina mabaya kabisa: uchafu, mavi ya mbuzi, kitu cha kutupwa jalalani. Hao ndio walikuwa wanapendwa kuliko wote. Walizaliwa baada ya ndugu zao kufa, na jina lilikuwa la kukidanganya kifo kipite, kione hapa hakuna cha maana.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti kipya cha ualimu, kwa hiyo nilijua kila kitu. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza, mzazi akitaja jina la namna hiyo, naweka kalamu chini na kuuliza, "Hana jina jingine? Hili atachekwa." Kama lipo la ubatizo au la Kiislamu, naandika hilo. Kama halipo, namtafutia. Kichwani nilikuwa na orodha yangu nzuri, majina ya wasichana niliosoma nao bweni, wale waliokuwa wakiletewa sabuni za kunukia kutoka nyumbani. Wazazi walisema asante, mwalimu. Nani angebishana na mwalimu?

Mmoja alibishana. Alikuwa mkulima mrefu, kofia mkononi, amemleta binti yake wa pekee. Wanne waliomtangulia alikuwa ameshawazika. Nilipoweka kalamu chini akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hilo ndilo linalomshikilia."

Nikamjibu, na naona haya hata kulirudia, "Kinachomshikilia ni chanjo, mzee wangu, si jina."

Nikaandika la kwangu. Mtoto akakaa dawati la mbele. Wiki za mwanzo nilikuwa naliita mara tatu ndipo ashtuke kwamba anayeitwa ni yeye.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja na malaria nyingi. Tulizika watoto watatu wa shule, naye akiwamo. Matanga yalipokwisha baba yake alikuja shuleni, akanikuta nasahihisha madaftari. Nilimpa kiti, hakukaa. "Mwalimu," akasema, "nimekuja ulifute lile uliloandika wewe. La kwetu nimeshalifuta mwenyewe." Akasubiri nifungue daftari la mahudhurio, nikapiga mstari kwa rula. Akaniaga vizuri tu, akaenda zake.

Sisemi jina ndilo lililomuua. Malaria ndiyo iliyomuua, na ningemwambia hivyo mtu yeyote. Ningependa pia kusema kwamba tangu siku ile niliacha, lakini sikuacha. Niliendelea miaka miwili mingine kwa ukaidi tu, kwa kuwa kuacha kungekuwa kukiri kosa. Kisha nikahamishiwa Kigoma mjini, mtaa wa Mwanga, na huko nikakuta kazi yangu imeshafanywa na wazazi wenyewe.

Hapo ndipo nilipoona majina yanavyopitwa na wakati kama vitenge. Kwanza yalikuja ya Kiswahili ya kumshukuru Mungu, mpaka nikawa na wasichana watano wa jina moja darasani, nawatofautisha kwa mtaa. Halafu yakaja ya viongozi na wachezaji mpira. Kisha tamthilia za kigeni zikaingia kwenye televisheni, na miaka sita baadaye nikawapokea darasa la kwanza wahusika wote, mpaka yule mwovu aliyemtilia mwenzake sumu. Mama mwenye mtoto huyo alikuwa mhasibu, mwanamke msomi kabisa. Nikamuuliza kama aliitazama ile tamthilia mpaka mwisho. Akasema umeme ulikuwa unakatika.

Baadaye wakaanza kuchukua kipande cha jina la baba na kipande cha jina la mama na kuviunga. Wengine liliungana vizuri. Wengine likatoka kama jina la dawa ya kupulizia pamba. Siku hizi ni simu ndiyo inayozaa majina. Babu yuko Ujiji na jina la sahaba wa Mtume, mjukuu ana jina ambalo shehe anaomba atajiwe mara mbili kabla ya kumwombea dua.

Nilidhani ni sisi tu. Pale mjini kuna mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ukoo wao uko Kigoma tangu enzi za babu wa babu yake. Siku moja nilikwenda kutafuta flana ya mtoto, akaniambia mjukuu wake kazaliwa Kanada. "Kwetu, mwalimu, herufi ya kwanza inatoka kwa kuhani, anaangalia nyota. Jina anatoa shangazi, dada wa baba. Ndiyo kazi yake shangazi." Akakata kitambaa. "Safari hii wameuliza simu. Fupi tu, lisimshinde mwalimu wa kule. Shangazi kaalikwa kula." Alicheka, lakini yeye mwenyewe alikuwa shangazi aliyewapa wengi majina. Tulitazamana kama watu wawili waliopitwa na gari moja.

Flana ile nilikuwa namnunulia binti yangu, aliyekuwa mjamzito. Ni mmoja tu niliyemzaa. Nilimpa jina kutoka kwenye orodha yangu, zuri sana, amelibeba mpaka chuo na sasa ofisini. Mumewe ni mtumishi wa serikali, amehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, kijana mtaratibu. Wamepanga nyumba Kasingirima, hapa hapa mjini. Mimba ya kwanza ilipofika miezi mitano walikuwa wameshapata jina. Walilitafuta pamoja kwenye simu, wakalidarizisha kwa fundi kwenye shuka la mtoto kwa uzi wa dhahabu, wakakata keki. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Mimba ya pili ikaja na jina la pili na shuka la pili. Huyo alizaliwa kabla ya wakati, akakaa siku tatu.

Mashuka yote mawili yapo kabatini kwangu. Binti yangu hakuweza kukaa nayo nyumba moja, nami sijui pa kuyapeleka. Shuka lenye jina huwezi kumpa mtu.

Mimba ya tatu hakuna aliyelitaja jina. Kwangu naishi na mama yangu, amepita miaka themanini, ulimi mkali, meno mawili. Yeye mwenyewe alizaliwa baada ya vifo, na jina lake la Kiha ni lile la jalalani. La ubatizo alilipata akiwa mtu mzima, hajawahi kuliitikia vizuri. Jumapili moja binti yangu alikuja kututembelea, tumbo la miezi saba, nami nachambua dagaa uani. Mama akamtazama weee, kisha akasema, "Huyu mumpe langu."

"Mama," nikamwambia, "mambo hayo yalishapita."

"Oya, hayajapita. Wewe mwalimu, hebu nambie. Majina mazuri mmetoa mangapi? Wako wapi wenye nayo?"

Binti yangu aliinuka akaingia ndani. Nilimkasirikia mama kuliko nilivyowahi kumkasirikia maishani. Nikamnunia siku tatu, na kumnunia mtu unayemwogesha na kumlisha ni kazi kubwa. Siku ya nne akasema, "Mimi nina jina la jalala, mwana wanje, mwanangu wee, na niko hapa nakula ugali wako." Nikajikuta nimecheka, nikamwongezea mchuzi.

Mwezi uliofuata binti yangu alikuja tena, peke yake, alasiri. Alikaa kwenye mkeka kwa shida, akanyoosha miguu iliyovimba. Akaniuliza, "Mama, jina la bibi ni lipi? Lile la kwao."

Hakulijua. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akimwita Bibi, na mimi sikuona sababu ya kumwambia mwanangu kwamba bibi yake anaitwa takataka. Nikamtajia. Akalirudia kwa lafudhi ya mjini, akakosea, akarudia tena. Tukacheka, kisha akalia.

"Wewe unaamini, mama?"

"Siamini."

"Hata mimi siamini," akasema. "Lakini nimechoka kuchagua majina mazuri."

Ndipo nikamsimulia habari za yule mkulima na daftari langu na rula. Sikuwahi kumsimulia mtu yeyote, hata marehemu baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, asiniambie kwamba halikuwa kosa langu. Nilimshukuru kwa hilo. Alisema tu, "Basi nitakapojifungua uwepo."

Nilikuwepo. Alizaliwa msichana, mdogo, akalia kwa hasira. Siku ya pili muuguzi alikuja wodini na fomu ya cheti cha kuzaliwa, dada kijana, nadhifu, kalamu mfukoni. Aliandika jina la mama, la baba, uzito, tarehe. Alipouliza jina la mtoto, binti yangu akalitaja, safari hii bila kukosea. Muuguzi alikuwa mtu wa huku huku, akalielewa. Akaweka kalamu chini.

"Hana jina jingine?" akauliza. "Hili atachekwa."

Maneno yangu, na sauti yangu ile ile ya huruma. Nikashika ukingo wa kitanda. Mkwe wangu alikuwa amesimama dirishani, simu mkononi, nami najua ndani yake kulikuwa na orodha, kwa kuwa aliwahi kunionyesha. Hakuifungua. "Dada, andika tu," akasema. "Liwe lolote. Abaki."

Muuguzi akanigeukia mimi mwenye mvi, akitegemea nitawatia akili vijana hawa. Nikamwambia nilikuwa mwalimu, na kwamba jina hilo nitamtajia herufi moja moja. Nikamtajia, akaandika. Alipotaka kuondoka nikamwomba fomu niisome, maana naijua kalamu ya mtu anayejua zaidi. Nililisoma mara mbili. Lilikuwa kama tulivyolisema, halijasahihishwa. Nikamrudishia fomu, nikaketi, nikamkumbuka yule mzee na kofia yake mkononi. Alishafariki zamani, na sikuwahi kumwomba radhi.