Siku Suruali ya Baba Ilipoanguka Mbele ya Mkwe

Sisi tuliokulia La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, baba zetu wakiwa ndio kwanza wamerudi kutoka uhamishoni, tulijua kucheza. Wasichana tuliruka kamba ya soksi ndefu kuukuu za mama zetu. Wavulana walipiga mpira kwenye ukuta wa spaza mpaka mwenye duka atoke na fagio mkononi. Jioni nyumbani ulikuwa ugomvi ule ule: Mama, Mtanzania wa Morogoro, anasema ugali, Baba, mtoto wa Soweto, anasema pap, na sufuria ni moja. Watoto wa leo wanakula wameinamia simu, ukiwauliza walichokula hawakumbuki.

Wenzangu walikuwa na baba walinzi, mafundi, madereva. Baba yangu aliimba opera, na alikuwa mchekeshaji humo humo. Kila asubuhi alijifungia bafuni kupasha sauti, glasi zikalia kabatini, na Mama Kabedi, msusi Mkongomani wa nyumba ya pili, akagonga ukuta: "Bwana yako anatetemesha nyumba, weye!" Nilitamani kupita njia nyingine nikienda shule, nisikutane na majirani.

Sauti yake ilikuwa baritoni, ile ya kiume ya katikati. "Mwenye sauti ya juu anapewa mchumba," alizoea kusema, "mwenye nzito anapewa ufalme. Sisi wa katikati, eish, tunapewa kipigo." Ndivyo ilivyokuwa. Jukwaani alikuwa kila mara mzee bahili anayeibiwa, au mume mwenye wivu anayefungiwa nje kwenye mvua. Watu walijishika mbavu, yeye uso mkavu kabisa. "Ukicheka wewe," alituambia, "wao wanaacha."

Bibi, mama yake Mama, alikataa kuja Johannesburg kwa miaka mingi. "Mwanamume mzima anaimba, ndiyo kazi hiyo?" Hatimaye akaja kujionea mwenyewe maisha ya huyo mkwe. Mama alipaka rangi kuta, akashona mapazia, hakulala. Alijua Bibi akirudi Morogoro na neno baya, mashangazi wote watalishika, na yeye hatakuwa na uso wa kwenda kwao tena.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kwao Bibi, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali meza moja, na wakikutana mlangoni mmoja humpisha mwenzake na kutazama chini. Baba aliishi nao miaka ya uhamishoni, na hata kwa Wazulu wenzake heshima hiyo ipo. Alichuchumaa kule koridoni, akasema, "Shikamoo, mama," bila kuinua macho. Bibi aliitikia, akageuka kwa Mama akatabasamu.

Basi Mama akaingiwa na tamaa. Akatuvalisha, akamfunga Bibi kanga mpya, akatupeleka kwenye ukumbi mmoja kule Braamfontein bila kumwambia Baba. Alitaka kumshtukiza. Mchezo wenyewe alishauona mwanzoni mwa msimu. Hakujua kwamba juma lile mwongozaji alikuwa ameongeza kitu.

Tulikaa safu ya pili. Baba akatoka akiwa hakimu mzee anayetaka kuoa binti mdogo, tumbo la pamba, nywele za bandia. Aliimba akizisifu mali zake, mtumishi akawa anaivuta taratibu kamba ya suruali yake kutoka nyuma. Bibi alikuwa akicheka. Baba akafika kwenye ile sauti ndefu ya mwisho, mikono ameitandaza, macho ameyafumba kwa raha, na suruali ikaanguka mpaka kwenye viatu. Akabaki na bukta ya maua mekundu, sauti haijatikisika hata kidogo.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

"Mama yangu weee!" Bibi alisimama, akajifunika kanga kichwani, akaupa mgongo jukwaa. Mhudumu akaja kumwomba kwa Kiingereza aketi, hakuketi. Mama alimvuta mkono, wapi. Nilijizamisha kwenye kiti mpaka magoti yakagusa kiti cha mbele, nikiomba taa zizimike zote.

Baba akafumbua macho. Katika nyuso zote zile akaona mgongo mmoja, na kanga. Sauti ikakatika. Wapiga vyombo waliendelea peke yao huku yeye ameganda. Kisha akaikwapua suruali, akaikumbatia kifuani, akakimbia kujificha nyuma ya pazia, na kila alichobakiza kuimba katika onyesho lile akakiimbia huko huko. Watu walilia kwa kucheka. Walidhani ni mchezo.

Nyumbani ikawa balaa. Tulikuwa na vyumba viwili na watu wawili wasiotaka kuonana. Baba alikula jikoni amesimama. Bibi hakutoka chumbani mpaka asikie mlango wa nje umefungwa. Mama alilia bafuni na bomba limefunguliwa, akidhani hatusikii. Halafu mwongozaji akampigia Baba simu amefurahi: hilo la kukimbilia pazia abaki nalo, lirudiwe kila onyesho. Baba angesema nini? Kazi ni kazi. Akawa anaondoka jioni kwenda kukimbia na suruali yake upya, na watu wakanunua tiketi kuja kuicheka aibu ya nyumba yetu. Shuleni hakuna aliyejua, lakini nilitembea kama wanajua wote.

Jumapili kabla ya Bibi kuondoka, Baba alikuwa sebuleni na Bibi chumbani, mlango umefungwa. Bibi aliniita, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika nje: "Mwambie baba yako aimbe. Lakini asifungue mlango."

Sikuhitaji kufikisha. Baba alisimama, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni ingawa hakuna wa kumwona, akaimba wimbo wa taratibu usio na kichekesho hata kimoja. Hata Mama Kabedi hakugonga ukuta. Bibi alikaa kitandani amefumba macho, kanga mdomoni.

"Mwambie nimemsikia," alisema. "Na siku ile pia nilimsikia."

Aliondoka bila kuagana naye kwa macho. Huko Morogoro mashangazi walipomzunguka, aliwajibu, "Mkwe wangu ana sauti, na ana haya." Mama alipoletewa habari hizo aliketi sakafuni palepale akacheka na kulia pamoja. Bibi hakuja tena. Wakwe wale wawili hawakuonana mpaka Bibi alipofariki.

Siku hizi naishi Randburg. Mume wangu humpigia Mama simu ya video akiwa kifua wazi, ameshika kipande cha nyama. Mama, yule yule aliyelia bafuni, anamwambia, "Baba Neema, kitambi hicho!" na wanacheka wote wawili. Mimi natoka chumbani. Wanangu wananiuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili wanasikia tu, hawasemi: Mama, kuna nini? Nawajibu hakuna kitu. Naona haya kuwaambia kwamba nawaonea wivu watu wawili walioheshimiana mpaka wakashindwa kutazamana.